Usimnyoe kwa Hofu: Manyoya ya Miguuni na Majira ya Tope

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, farasi wangu ana manyoya mazito miguuni, mvua haikatiki, na kila jioni anarudi na tope hadi magotini. Kila mtu bandani ananiambia nimnyoe. Nimnyoe?"

Swali hilo linanigusa pabaya, maana kwangu mimi liliamuliwa bila kuulizwa. Farasi wangu ni jike mwenye damu ya Shire, wale farasi wakubwa wa Uingereza wa kukokota mizigo, miguu yote minne myeupe kuanzia gotini kushuka, manyoya yanafunika hadi ukwato. Mwaka fulani nilisafiri, na mtu niliyemwachia amtunze akachukua mashine akayanyoa yote kwa sababu tope lilimchosha. Niliporudi nililia machozi. Manyoya kama yale huchukua zaidi ya mwaka kurudi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baridi ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote alizopitia: ngozi ya waridi iliyozoea kufunikwa ilibaki wazi kwenye tope, vishina vya nywele vikawa vinamchoma kwenye kikunjo cha nyuma juu ya ukwato, vigaga vikatanda, akawa hataki kuguswa mguu hata na mimi. Samahani sijaipata mpaka leo, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nina fahari na msimu huu uliokwisha. Mvua imenyesha bila huruma, na daktari wa mifugo alipokuja kumchanja alipitisha vidole chini ya manyoya hayo, mguu baada ya mguu, asipate kigaga hata kimoja. Alinisifu mbele ya watu wote bandani. Nilistahili.

Mwenzangu, unyevu unaokaa kwenye ngozi ndio wa kuogopwa kuliko tope lenyewe. Ngozi iliyolowa siku baada ya siku hulainika kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua nguo, kisha chembe za mchanga huikwaruza. Hapo ndipo bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis anapoingia. Huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915, kutoka kwa ng'ombe wa Kongo, na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi katika maeneo ya mvua wanavijua vigaga vyake. Anaweza kukaa kimya kwenye ngozi muda mrefu akisubiri maji na mchubuko.

Kwa hiyo anaporudi kutoka malishoni simkimbizi bombani. Maji yenye nguvu huisukuma michanga ndani, na manyoya mazito yakishalowa hadi kwenye shina hayakauki usiku mzima. Nayakamua kwa taulo, namsimamisha kwenye matandiko makavu yenye kina, naacha tope likauke. Asubuhi nalipukuta kwa vidole, kisha kwa brashi laini. Tope likiwa zito mno kiasi kwamba asubuhi bado ni bichi, hapo naosha kwa maji ya uvuguvugu, nasuuza vizuri, na sitoki pale mpaka shina la nywele limekauka. Watunzaji wa farasi wakubwa wa Uingereza tangu zamani hupaka vumbi safi la mbao kwenye manyoya yaliyooshwa ili linyonye maji, kisha hulichana likitoka. Nimejaribu, na kweli linakausha.

Lakini kazi yenyewe ni ya mkono. Kila siku ingiza vidole chini ya manyoya mpaka uiguse ngozi. Macho hayatakuambia kitu, manyoya yanaficha kila kitu. Ukigusa kichuguu kidogo kikavu, joto lisilo la kawaida, au mahali anapovuta mguu, umepata habari mapema. Usikibandue kigaga kikavu kwa kucha. Kilainishe kwanza, osha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa kama maelekezo yake yanavyosema, iache ikae dakika 10 hivi, suuza, kausha. Kausha tena.

Akiwa anapiga miguu chini usiku au anajikuna kwenye nguzo, usilaumu tope. Huenda ni utitiri, Chorioptes bovis, unaopenda sana miguu yenye manyoya. Unaishi juu ya ngozi ukila magamba yake, hivyo dawa ya minyoo ya kumeza haiufikii vizuri. Huishi pia kwenye matandiko kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kumtibu farasi mmoja na kuacha banda lilivyo ni kupoteza fedha. Dawa na marudio yake ni uamuzi wa daktari.

Wengi huniuliza kuhusu yale yanayoitwa mafuta ya nguruwe, yanayochanganywa na salfa. Yanayouzwa siku hizi kwa jina hilo kwa kawaida ni mafuta ya madini. Maji huteleza juu yake na tope haling'ang'anii. Jaribu kwanza sehemu ndogo kwa siku nzima, kwa sababu wapo farasi wanaoungua, na usipake kamwe juu ya ngozi iliyochubuka au yenye unyevu. Utakuwa umemfungia bakteria ndani.

Malishoni, mwaga kokoto langoni na kwenye hori la maji, maana ndiko wanakosimama saa nyingi. Basi.

Sasa kunyoa. Sisemi kamwe. Ngozi ikiwa tayari ni mgonjwa na daktari anahitaji kuifikia, nyoa, kwa mkono wa mtu anayejua, na umweke mahali pakavu mpaka ipone. Kunyoa kwa sababu watu bandani wamechoka kuyaona manyoya yako, hapana. Farasi ni wako, mwenye dhamana naye ni wewe. Wanaopiga kelele hawatakuwepo alfajiri ukimsafisha vidonda.

Na usimcheleweshee daktari. Mguu ukivimba na kuwa wa moto, akichechemea, usaha ukitoka, mwite siku hiyohiyo. Vidonda vikiwa kwenye ngozi nyeupe peke yake, hasa vikitokea na puani, omba apimwe damu, maana ini likiugua ngozi nyeupe huungua kwa jua. Tena, ukikuta mikunjo minene na vinundu vigumu nyuma ya miguu, hiyo huenda ni ile hali ya mishipa ya limfu, mishipa inayoondoa majimaji mwilini, inayowapata Shire, Clydesdale na farasi wakubwa wa Ubelgiji. Haina tiba, huongezeka taratibu, na matunzo ya mapema huipunguza kasi. Ukienda kununua farasi wa aina hizi, ingiza mkono chini ya manyoya ya miguu yote minne kabla hujatoa fedha.