Baba ana manjano, karatasi inasema 412: ndiyo saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ni fundi wa mitumbwi hapa Ujiji, ana miaka 66. Wiki ya tatu sasa macho yamekuwa kama binzari, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, na usiku anajikuna mpaka shuka linaingia damu. Ultrasaundi imeonyesha mrija wa nyongo umetanuka na ndani kuna kitu kama jiwe. Karatasi ya damu: bilirubini 186, ALP 640, CA 19-9 ni 412. Aliyetupa majibu akamwambia kaka, "Hiyo ya mwisho ni ya saratani." Tangu siku hiyo kaka anaulizia randa na misumeno ya mzee itabaki kwa nani. – Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka aache randa za watu.

CA 19-9, kitu kwenye damu ambacho hupanda katika baadhi ya saratani, kwa kawaida haizidi 37, kwa hiyo 412 inatisha, sikatai. Lakini kitu hicho hutengenezwa pia na ngozi ya ndani ya mirija ya nyongo yenyewe, na njia yake ya kutokea ni nyongo. Mrija ukiziba, kinarudi kwenye damu. Jiwe peke yake linaweza kukipandisha hadi mamia, hata zaidi kukiwa na maambukizi. Nikiwa Tabora nilimpokea mama mmoja muuza asali, chake kilivuka 900, na wanawe walishaanza kulia koridoni. Jiwe likatolewa. Wiki sita baadaye kilisoma 24, akaniletea dumu la asali ya miombo.

Sisemi baba hana saratani. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho nao huziba mrija huohuo, mara nyingi bila maumivu, na mtu anakonda. Ninachosema ni kwamba namba iliyopimwa mrija ukiwa umeziba haihukumu mtu. Mrija ufunguliwe, bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, ishuke, ndipo CA 19-9 irudiwe. Ikibaki juu, hapo tuongee mengine. Na ikiwa chini isiwalaze usingizi pia, maana wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa, hata wakiwa na saratani.

Uliza bilirubini ya moja kwa moja, yaani ile ambayo ini limeshaishughulikia, ni ngapi kati ya hiyo 186. Ikiwa ndiyo nyingi, ini limefanya kazi yake ila mlango umefungwa. ALP, kimeng'enya kinachopanda mrija wa nyongo ukiziba, ikiwa 640 inaelekea hukohuko, ingawa mifupa nayo huitoa. GGT, kimeng'enya kingine cha ini na mirija ya nyongo, ikiwa juu pia, basi si mifupa.

Kipimo ambacho hukukitaja ndicho kinachonisumbua: INR, cha kuganda kwa damu. Vitamini K, inayosaidia damu kuganda, haifyonzwi vizuri bila nyongo kufika utumboni, na wiki tatu ni nyingi. Fizi zinatoka damu? Mwulizeni daktari kuhusu sindano ya vitamini K kabla mtu hajamgusa kwa kisu.

Akianza kutetemeka kwa baridi na homa, msiseme ni malaria mkamnywesha dawa nyumbani. Hiyo yaweza kuwa nyongo iliyoingia maambukizi mrijani. Mfikisheni Hospitali ya Maweni usiku huohuo, msingoje kuche. Na mitishamba, kama mnampa, isimame. Inaweza kuharibu ini na kutuvurugia vipimo.

Ukiniandikia tena, weka tarehe ya kila kipimo na tarehe ya kufunguliwa mrija.