Mungu si fimbo ya nyumbani

Binti yetu wa pili alipokuwa na miaka 4 aligoma kuoga. Haikuwa kwa sababu ya maji ya baridi ya Dodoma mwezi wa saba, maana hayo hata mimi nayaogopa. Alikuwa anaingia bafuni na gauni lake, anajikunyata pembeni, pindo amelishika kwa mikono miwili. Siku tatu nilidhani ni ukaidi. Siku ya nne mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mpwapwa, akachuchumaa mlangoni akamuuliza taratibu ana nini. Akajibu, "Yesu ananiona."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Wiki ile nilikuwa nimemkuta ameingiza mkono kwenye kopo la sukari, nikamwambia, haya, endelea kujificha, mimi sikuoni lakini Yesu anakuona, popote ulipo. Nilidhani nafundisha dini. Mtoto wa miaka 4 hajui kupunguza maneno: ukimwambia popote, na bafuni ni humo humo.

Bibi yake hakubishana naye. Alimwambia, "Na mimi nakuona. Nilikuona una siku moja, huna hata nguo. Nilikucheka?" Gauni likavuliwa.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kulea, hasa mliohamia huku kwa kazi na kuwaacha wazazi Moshi, Mbeya au Dar es Salaam. Sisi tulikuja miaka ile Serikali ilipoanza kuhamia, baada ya 2016, tukapanga vyumba viwili Nkuhungu na mtoto mmoja mgongoni. Kulea mbali na ukoo kuna jambo lake. Huna shangazi wa kukemea wala bibi wa kubembeleza, kazi zote mbili zimekuangukia. Ile ya kukemea ukichoka nayo, unamkabidhi Mungu. "Mungu hapendi." "Mungu atakuchoma." Inafanya kazi haraka sana, ndiyo maana ni mbaya. Mtoto ananyamaza, wewe unamalizia kuosha vyombo, na yeye anabaki na Mungu anayefanana na wewe ulivyo saa moja usiku baada ya foleni ya daladala.

Sijasema msikemee. Kemeeni, lakini kwa jina lenu wenyewe: nimekasirika mimi, mama yako, kwa sababu umemwaga ndoo nzima na maji yenyewe ni ya mgao. Kosa hilo halihitaji malaika.

Ibada ya nyumbani iwe fupi. Tuliwahi kuendesha ya dakika 40: mapambio matatu, somo, baba anafafanua, kila mtu anaomba kwa zamu. Mkubwa alikuwa analala paji la uso likiwa juu ya stuli, mdogo anachomoa nyuzi za mkeka mmoja mmoja. Na angalieni ratiba ya mji huu. Anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, akafika nyumbani saa kumi na mbili jioni ana bahati, na basi la shule linapiga honi alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Hapo katikati kuna kuoga, ugali na kazi za shule. Siku hizi ni pambio moja, hadithi moja ya kusimulia, na sala. Dakika 10. Daudi na Goliathi tumeisimulia mpaka Goliathi amepata sauti ya jirani yetu muuza mkaa, na jirani mwenyewe hajui.

Sala hiyo isiwe mahakama. Hapa nina aibu yangu. Kila Jumapili tulikuwa tunampa kila mtoto shilingi 200 ya sadaka. Mkubwa akiwa darasa la pili, nikamwona anatoka shule ya Jumapili na vidole vyekundu. Ubuyu. Kumbe wiki kadhaa sadaka inaishia kwa mama wa pale getini. Sikusema kitu njiani. Nilisubiri jioni, tumepiga magoti, mgeni yupo, nikaomba kwa sauti, "Bwana, msamehe mtoto anayekuibia." Nilipofumbua macho nikakuta yeye hakuwa amefumba ya kwake. Alikuwa ananiangalia tu.

Baada ya hapo kwa miezi zamu yake ya kuomba ikifika alikuwa anasema "Amina", basi. Aliyelimaliza ni baba yake. Alimchukua wakaenda kukaa kwenye tofali nyuma ya nyumba, wakazungumza habari za ubuyu, si za wizi. Tangu hapo Jumapili anapewa 300: mia mbili ya sadaka na mia ya ubuyu. Kuna mzee mmoja kanisani hesabu hiyo haikumpendeza. Sadaka inafika, lakini.

Kanisani kaeni karibu na mlango. Mtoto akilia tokeni, mpeni dakika tano za nje, rudini. Mimi nilikuwa nafinya mapaja. Niliacha siku nilipowakuta wanacheza kanisa chini ya mwarobaini, vifuniko vya soda ndiyo sadaka, mkubwa amejifunga khanga ndiye mchungaji. Binti yangu alikuwa anaimba haleluya kwa sauti nyororo kabisa, na mkono wa kushoto amemfinya mwanasesere wake paja.

Mengine niyapitie upesi. Ubatizo msiuharakishe wala kuuchelewesha kwa sababu ya sherehe, pilau si sehemu ya sakramenti. Wasimamizi wa ubatizo wawe watu mtakaokutana nao sokoni Majengo au ibadani, si bosi wa ofisini. Chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18, hiyo ya pili iandikeni ukutani. Baba kisheria ana siku 3 za likizo mtoto akizaliwa, kwa hiyo msimjengee mipango mikubwa. Mtafuteni mapema mama mmoja wa kanisani wa kushika mtoto na kupika uji. Huku Ugogoni hamtamkosa: Waanglikana peke yao wana dayosisi hapa Dodoma tangu 1927, na akina mama waliokulia humo hawasubiri kuombwa mara mbili. Atawaletea na mlenda wa karanga. Msiukatae mbele ya watoto.

Na dada wa kazi akae kwenye mkeka. Hili lilitupita muda mrefu. Sisi tunaimba sebuleni upendo wa Yesu, yeye anasugua sufuria jikoni, na watoto wanamsikia. Mdogo ndiye aliyeuliza kama dada haombewi. Tukaona haya, vyombo vikaanza kusubiri.

Dada wetu ametoka kijiji kimoja cha Chamwino. Mwanzoni zamu yake ikifika alikuwa anainamisha kichwa tu. Mwezi wa kumi na mbili uliopita mawingu yalikuwa yanapita bila kitu, na huku msimu wa mvua ni mmoja tu, ukikosa umekosa. Usiku mmoja akaomba, kwa Kigogo, muda mrefu kuliko dakika zetu 10. Watoto hawakuelewa isipokuwa neno moja, mvula, kwa sababu limekaribia letu. Kesho yake mdogo, ambaye maji anayoyajua yeye yanatoka kwenye tanki, zamu yake ilipofika akaomba mvula kwa uwele wa shambani kwa mama yake dada. Akauliza kama uwele ni mtu. Dada akacheka mpaka akakosa pumzi, tukamalizia ibada hapo.