Muulize Fundi: Nikiachia ufunguo tu, linazima

*Shikamoo fundi. Nina Corolla KE70 ya mwaka 1983, aliniachia marehemu baba. Wiki ya tatu sasa linanitesa. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri na inashika kabisa, lakini nikiachia ufunguo tu, kimya. Fundi wa kwanza alibadilisha stata. Wa pili akafungua kabureta. Betri nimenunua mpya. Juzi vijana sita wamelisukuma mteremko wote mpaka sokoni, halikukohoa hata mara moja. Naambiwa injini imekufa, niliuze chuma chakavu. Nifanyeje? (Msomaji, Muheza)*

Marahaba mwanangu. Usiuze kitu. Injini inayoshika haijafa, na stata yako ya zamani naamini ilikuwa nzima. Kama bado iko kwa yule fundi, kaidai.

Katika yote uliyoniandikia, lililonijibu ni hilo la vijana sita. Gari likisukumwa ufunguo huwa umefunguliwa tu, haujafika kwenye stata. Halikuwaka. Ukipiga stata linawaka. Ukiachia, ufunguo unarudi pale pale ulipokuwa wakati linasukumwa, linazima. Basi kuna umeme unaofika kwenye koili, kile kifaa kinachoukuza umeme wa betri uwe cheche za plagi, wakati wa stata peke yake.

Koili za magari mengi ya umri huo zina njia mbili za kupata umeme. Unapopiga stata betri inaelemewa, volti 12 na ushee zinashuka mpaka 10 hivi, kwa hiyo koili inapewa njia ya mkato, umeme wote wa betri. Ukiachia ufunguo, njia hiyo inakatika na umeme unapitia njia ya pili, kwenye rizista: kipande cha kauri, urefu wa kidole, kimefungwa jirani na koili. Kazi yake ni kuupunguza umeme, maana injini ikishawaka altaneta inatoa volti 14, na koili hiyo haikutengenezwa kuzibeba mchana kutwa. Ndani ya kauri kuna waya mwembamba. Ukikatika, unapata ugonjwa ulionao.

Nimeujua ugonjwa huu kwa aibu. Mwaka 1986 nilikuwa spana boi Gerezani, Dar es Salaam, na kwa siku tatu nilifungua na kufunga kabureta ya gari lenye dalili hizi hizi. Siku ya tatu bosi wangu akaja na kipande cha waya, upande mmoja akaugusisha chanya ya betri, wa pili chanya ya koili, akaniambia piga. Likawaka, likatulia. Akachomoa ufunguo, akanitia mkononi, injini inanguruma. Nilisimama nimeushika kama mjinga.

Wewe usianze na waya huo, anza na balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Gia iwe nyutro, handibreki juu. Waya mmoja ubane kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Fungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Kwa waya wa pili gusa mwanzo wa rizista, kisha mwisho wake, upande unaokwenda kwenye koili. Mwanzo ikiwaka na mwisho isiwake, umempata mwizi. Isipowaka kote kuwili, rizista haina kosa. Nenda kwenye swichi ya ufunguo na plagi ya nyaya iliyo nyuma yake, itikise huku mwenzio anaangalia balbu. Usiache ufunguo wazi muda mrefu injini ikiwa imezima, koili inachemka bure.

Rizista haina bei ya kukutoa jasho. Tafuta ya omu 1.5 hivi, hata ya kuchomoa kwenye gari bovu, ila ipime kwanza kwa mita. Fundi atakuambia, “Ya nini? Tupige dairekti,” yaani umeme uende kwenye koili bila rizista. Kataa. Litawaka, ndiyo, na utamsifu, kisha pointi za distributa, zile zinazokata na kuunga umeme wa koili, zitaungua na koili itakufa ukiwa njiani. Akitaka kuiondoa rizista kabisa, basi aweke na koili ya aina isiyoihitaji, ya omu 3 hivi.

*Mzee wangu, pikapu yangu Datsun 1200 asubuhi inawaka vizuri. Nikikaa foleni ya feri Likoni jua kali inazima na kukataa. Nikingoja nusu saa inawaka kama hakuna lililotokea. Ni koili? (Msomaji, Mombasa)*

Huenda, lakini huenda pia ni petroli imegeuka mvuke kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Ukingoja ipoe hutajua kamwe. Siku itakapozima, shuka hapo hapo foleni, wacha wapige honi. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi ya akiba, chuma cha plagi kilaze juu ya injini, mwenzio apige stata. Waya ushike kwa kitambaa kikavu, na isiwepo petroli iliyomwagika jirani. Cheche ya bluu yenye mlio maana yake umeme upo, fuata petroli: weka kitambaa chenye maji kwenye pampu na bomba, ikiwaka umepata jibu. Hakuna cheche, au ni ya njano inayosinzia, mshuku koili, na kondensa, kile kikopo kidogo cha distributa, nayo usiisahau; ni ya bei ndogo, mimi huibadilisha kwanza.