Jibu: Dawa ya tezi na vidonge vya damu kwa mkupuo mmoja?
Dada, umeuliza kama mama yako hapo Ngamiani anaweza kumeza levothairoksini (dawa ya tezi ya shingoni), vidonge vya damu (yaani vya madini ya chuma) na kalsiamu, vyote pamoja asubuhi. Hapana, avitenganishe. Chuma na kalsiamu hushikana na ile dawa tumboni, sehemu ya dawa ikapita tu bila kuingia mwilini.

Shangazi yangu wa Chumbageni alikuwa akivishushia vyote kwa chai ya maziwa na mkate wa kumimina, kisha analalamika kipimo cha tezi hakikai sawa. Sasa dawa ya tezi anaimeza alfajiri kwa maji matupu, anasubiri saa nzima ndipo anywe chai. Kalsiamu mchana, baada ya chakula. Vidonge vya damu usiku, tena bila chai, maana chai nayo huzuia chuma. Kati ya dawa ya tezi na madini ziwe angalau saa 4.

Ila umesema ana presha pia. Hapo usimnunulie potasiamu kiholela: ikikutana na dawa za presha kama enalaprili au lisinoprili inaweza kupanda kwenye damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Mpelekee mfamasia mfuko mzima wa dawa, na zile za mitishamba usizifiche.