Kifundo cha mguu kilichoteguka: je, kichuliwe?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mguu wako ulipinda kwa ndani ulipokuwa ukicheza mpira, kifundo kimevimba upande wa nje, na wenzako wanakuhimiza uende kwa mchuaji "akirudishe". Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na wagonjwa wa aina yako ninawapokea mara kwa mara.

Kwanza ijulikane kama mfupa ni mzima. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walichapisha kanuni ambazo zinatumika hadi leo: ikiwa tangu ulipoumia umeshindwa kutembea hata hatua 4 za kuchechemea, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, kuanzia ncha yake hadi sentimita 6 juu, unasikia maumivu pale pale kwenye mfupa, basi upigwe eksirei kabla ya kuguswa na mchuaji yeyote, nikiwemo mimi. Fanya vivyo hivyo kama panauma mfupa wa ukingo wa nje wa wayo, ule unaoelekea kidole kidogo.

Mfupa ukiwa mzima, kwa kawaida hakuna cha "kurudisha", kwa kuwa kiungo hakijatoka mahali pake. Kilichotokea ni kano kuvutika au kuchanika. Kuikandamiza kwa nguvu siku za mwanzo, au kuikanda kwa maji ya moto, huzidisha uvimbe. Funga bandeji, inua mguu unapopumzika, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na utembee kadiri maumivu yanavyokuruhusu.

Uvimbe ukianza kushuka ndipo mikono inapofaa. Simama ukielekea ukutani, kisigino kikiwa chini, ujaribu kugusa ukuta kwa goti. Mguu ulioumia mara nyingi hushindwa kufika pale unapofika mwenzake. Hapo mimi huusukuma taratibu mfupa ulio ndani ya kifundo, chini ya muundi, kuelekea nyuma huku mgonjwa akipeleka goti mbele, na mara nyingi tofauti huonekana papo hapo. Daktari James Cyriax wa London alifundisha kuchua kano kwa kupitisha vidole kukingama na nyuzi zake badala ya kuzifuata, akiamini kwamba hilo huzuia makovu kushikana. Siku hizi inaelezwa zaidi kwamba mkono hutuliza mishipa ya fahamu kwa muda. Muda huo ndio unaotakiwa kutumika kwa mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, na kunyanyua visigino polepole. Mgonjwa anayekuja kuchuliwa tu, asifanye lolote nyumbani, huteguka tena, nami huwa ninamwambia wazi kwamba anapoteza fedha zake.

Wachuaji siwadharau, baadhi yao wana vidole ambavyo wenye vyeti wengi hawana. Hata hivyo, kiwiko kilichoumia usikubali kichuliwe wala kunyooshwa kwa nguvu, hasa cha mtoto, kwa sababu mfupa unaweza kuota ndani ya msuli na mkono ukakakamaa. Vilevile shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa na joto na kuuma, hasa baada ya kufungwa plasta ngumu ya mfupa au safari ndefu, nenda hospitali bila kulichua, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda, nayo inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Uwanjani urudi utakapoweza kurukaruka kwa mguu huo peke yake, mbele na kando, bila maumivu na bila kuyumba.