Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuchimba Kisima cha Pili

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Dira kubwa ya tangini inaonyesha tunatoa uniti 120 kwa siku (uniti moja ni lita 1,000), lakini tukijumlisha dira za wateja tunapata 75 tu. Wajumbe wengi wanataka tuombe fedha za kisima cha pili. Mnashaurije?

JIBU: Msichimbe kwanza. Uniti 45 zinapotea kila siku, zaidi ya theluthi moja, na maji ya kisima kipya yatapitia matundu yaleyale. Tafuteni kwanza ni kiasi gani kinavuja ardhini na ni kiasi gani kinafika kwa watu bila kuhesabiwa, maana tiba zake ni tofauti.

Saa nane usiku, wakati karibu kila mtu amelala, fungeni bomba linaloingiza maji tangini na mpime kina cha maji. Pimeni tena saa kumi. Tangi la mita 5 kwa 4 likishuka sentimita 1, zimetoka lita 200. Tuseme limeshuka sentimita 12: hizo ni lita 2,400 kwa saa mbili, au 1,200 kwa saa. Kupata hasara ya siku nzima zidisheni kwa 20 badala ya 24, kwa kuwa presha ya usiku ni kubwa na mivujo hutema zaidi kuliko mchana. Jibu ni uniti 24. Wapo wateja wenye matangi yanayojaa usiku. Someni dira zao mwanzoni na mwishoni mwa kipimo, mtoe kiasi hicho.

Usiku unaofuata, fungeni valvu za matawi moja moja, mkianzia tawi la mbali kabisa, huku mwenzenu akiangalia tangi. Tawi ambalo likifungwa maji yanaacha kushuka kwa kasi ndilo lenye ugonjwa. Hapo pitieni viungo kimoja kimoja. Kwenye bomba la chuma, fimbo ya chuma ikigusa valvu na sikio likigusa fimbo, mvujo husikika vizuri. Bomba la plastiki halipitishi sauti mbali, kwa hiyo tegemeeni macho: udongo uliolowa, majani mabichi wakati wa kiangazi, na hasa pale bomba la mteja linapotoka kwenye bomba kuu. Fundi akikaza kiungo hicho kupita kiasi, au akifukia mtaro kwa mawe badala ya udongo laini, mvujo ni suala la muda tu.

Uniti 21 zilizobaki zitafuteni kwenye dira na maunganisho ya kificho. Jazeni ndoo ya lita 20 mara tano kupitia dira ya mteja: isomeke lita 100. Rudieni koki ikiwa imefunguliwa kidogo sana, kwa sababu dira iliyochakaa, au iliyofungwa ikiwa imelala upande, huacha kuhesabu maji yanayopita polepole. Na pale mnapogawa maji kwa zamu, hewa inayotangulia bombani huzungusha dira. Mteja anayelalamika kwamba amelipia upepo huenda anasema kweli.

SWALI: Tunataka kuachana na jenereta tutumie sola. Tunahitaji uniti 20 kwa siku kutoka kimo cha mita 60. Paneli kiasi gani?

JIBU: Kuinua uniti 1 kwa mita 1 kunahitaji takriban wati-saa 2.7. Zidisha kwa 20, kisha kwa 60: 3,240. Pampu na mota kwa pamoja hutumia vizuri chini ya nusu ya umeme zinaopewa, kwa hiyo andaa karibu 7,200. Kwa jua zuri la saa 5 kwa siku, na kuondoa hasara ya vumbi, joto na nyaya ya asilimia 20, unafika wati 1,800 za paneli. Hizo mita 60 zihesabiwe kutoka usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi hadi mdomo wa bomba juu ya tangi, pamoja na msuguano wa bomba. Wengi hupima maji yakiwa yametulia, kisha wanashangaa pampu haifikishi. Funga pia kihisi cha kuizima maji yakipungua, la sivyo itazunguka kavu na kuungua.

SWALI: Tunatia klorini tangini, lakini koki ya mwisho haionyeshi kitu. Tuongeze?

JIBU: Hakikisheni kipimo kwanza. Tangi la lita 10,000 kwa miligramu 2 kwa lita linataka gramu 20 za klorini, yaani gramu 31 za unga wa asilimia 65. Tieni unga kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Acheni utulie, mmimine tangini maji maangavu ya juu, msubiri dakika 30 kabla ya kufungulia. Koki ya mwisho isomeke angalau miligramu 0.2 kwa lita. Maji yenye tope hula klorini, na unga uliokaa wazi hupoteza nguvu. Kama tangini kipimo ni 0.5 na mwisho ni sifuri, shaka kubwa ni bomba: maji yakikatika, presha hushuka na uchafu wa ardhini hunyonywa kupitia mivujo. Kuongeza dozi kutaficha tatizo kwa muda tu. Zibeni, kisha osheni bomba kwa kufungulia koki ya mwisho hadi maji yawe safi.