Mtama umepungua: ni bungua au ni jua?

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Nalima mtama ekari tatu huku Kongwa, Dodoma. Mvua ilikatika mwezi wa pili, na sasa masuke yanakomaa naona karibu nusu ya mabua yametobolewa na bungua. Jirani ananiambia nusu ya mavuno imekwenda. Nitajuaje wadudu wamekula kiasi gani na jua limekula kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Nusu ya mabua kutobolewa si nusu ya mavuno kupotea. Bua lenye tundu bado hutoa suke, ila jepesi. Tena penye maji haba, mche ukifa mapema, ile ya kando hupata unyevu wake na kunenepesha masuke. Matundu peke yake hayakupi jibu, pima punje.

Acha mistari ya pembeni, simama sehemu tano, kila moja ukague mabua 20. Andika mangapi yametobolewa. Kisha funga kitambaa kwenye bua lililotobolewa na kingine cha rangi tofauti kwenye zima lililo jirani yake kabisa, upate jozi kama 30. Ujirani huo ndio kipimo chenyewe: mimea hiyo miwili imepata mvua ileile na udongo uleule, kwa hiyo jua limeipiga sawasawa. Suke likidonolewa na kwelea kwelea, toa jozi nzima. Siku ya kuvuna pasua mabua, maana lipo linaloonekana zima kumbe ndani ni vumbi la funza.

Anika, pura kila fungu peke yake, pima. Tuseme suke la bua zima lina gramu 50, la lililotobolewa 35: limepungua asilimia 30. Kama yaliyotobolewa ni 40 kati ya 100, hasara ya shamba ni asilimia 30 ya 40, yaani 12. Hiyo ni 12 ya kile ambacho shamba lingezaa kwa mvua hiyohiyo haba.

Kipimo hiki hakigusi miche iliyokufa mwanzoni. Msimu ujao, wiki ya tatu baada ya kuota, vuta jani la katikati lililokauka. Likichomoka kirahisi, shina lake limeoza na linanuka, huyo ni inzi wa mtama. Mche wenye kiu hujikunja majani yote, na jani halichomoki hivyo.

Mabua usiyaache shambani. Walishe ng'ombe mapema, kwa sababu bungua hulala humo kiangazi chote akisubiri mvua.